Mtoto Mbele ya Padre: Maungamo ya Kwanza Bukoba na Muleba Tangu Kashozi

Parokia ya Kikatoliki huandika karibu kila kitu. Ina kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Ukifungua cheti cha ubatizo cha mzee wa Kagondo au Rubya utakuta jina la msimamizi wake, tarehe ya komunyo ya kwanza, mwaka wa kipaimara na jina la aliyefunga naye ndoa. Siku aliyopiga magoti akaungama kwa mara ya kwanza hutaiona, kwa kuwa haina kitabu. Ni rahisi basi kuipita siku hiyo unapoisoma historia ya dini huku Kagera, ukahesabu misheni, maaskofu na seminari, ukasahau kwamba karibu kila Mkatoliki aliyekulia Bukoba au Muleba aliwahi kuwa mtoto wa miaka minane au tisa anayetetemeka kwenye foleni, akirudia kimya kimya maneno aliyofundishwa na katekista.

Habari yenyewe inaanzia ng'ambo, Buganda. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki walishindwa vita pale Mengo, Waprotestanti wakiwa wamesaidiwa na bunduki za Kapteni Frederick Lugard. Askofu Jean-Joseph Hirth, mzaliwa wa Alsace na mmoja wa Wamisionari wa Afrika ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, alikimbilia kusini akiwa na mapadre na Wakristo Waganda, akaingia katika eneo la Wajerumani. Bukoba ilikuwa bado boma changa, lililoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mwishoni mwa 1892 ikafunguliwa misheni ya Kashozi, kaskazini ya mji, na kutoka hapo zikazaliwa nyingine zote za upande huu wa ziwa.

Kashozi haikumpokea mtu kwa haraka. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, alikuwa ameweka kanuni kali: anayetaka ubatizo afundishwe kwa miaka minne. Miwili ya kwanza alikuwa mwombaji tu, akisikiliza habari za Mungu Muumba na amri zake. Miwili iliyofuata alikuwa mkatekumeni, na hapo ndipo alipoanza kufunuliwa mafumbo. Sakramenti hazikuzungumzwa hovyo mbele ya mtu ambaye hajafikia hatua hiyo. Lavigerie aliufufua utaratibu wa Kanisa la karne za mwanzo, akiamini kwamba Mkristo mmoja aliyeiva ni bora kuliko kumi waliobatizwa leo wakarudi nyuma kesho.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani ndilo ufunguo wa historia yote hii. Mtu anayebatizwa akiwa na akili timamu haungami kwanza, kwa sababu ubatizo wenyewe unamwondolea dhambi zote. Kijana wa Kiziba au Ihangiro aliyemaliza miaka minne ya mafundisho alibatizwa, akapokea komunyo, na kitubio alikutana nacho baadaye akiwa mtu mzima, au karibu na utu uzima, anayeijua dini yake kwa miaka kadhaa. Kizazi cha kwanza cha Wakatoliki wa Bukoba hakikuwa na maungamo ya kwanza ya utotoni. Ili yawepo, ilibidi kwanza kijana na binti waliobatizwa wafunge ndoa kanisani, wazae, mtoto abatizwe akiwa mchanga mikononi mwa mama, kisha wasubiri akue hadi ajue kutofautisha jema na baya. Miaka kumi ilipita, na zaidi. Kwa hiyo watoto wa kwanza waliohitaji kuandaliwa kwa kitubio, kwa maana tunayoijua leo, walianza kuonekana baada ya 1900, nao walikuwa watoto wa wale waliokuja kusoma wenyewe.

Historia ya Kardinali Laurean Rugambwa inaonyesha jinsi vizazi hivyo viwili vilivyopishana mlango mmoja. Alizaliwa Bukongo tarehe 12 Julai 1912. Wazazi wake walikuwa bado hawajabatizwa, na mwaka 1921, akiwa na miaka minane, alibatizwa siku moja pamoja nao. Majirani zake wa rika lile, waliobatizwa wakiwa wachanga, katika umri huo huo walikuwa wanatakiwa kuungama. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anaingia Kanisani. Alipata upadre tarehe 12 Desemba 1943, uaskofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufika cheo hicho.

Wakati kizazi cha pili cha Kashozi kikifikia umri wa kuuliza maswali, Roma nako kulikuwa na mjadala juu ya umri. Sheria ya msingi ilikuwa ya zamani: Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka. Sheria haikutaja miaka. Ulaya ilizuka desturi ya kuwachelewesha watoto hadi miaka 10, 12, hata 14 kabla ya komunyo, na mahali pengine mtoto aliungama lakini padre hakumpa ondoleo. Alimbariki tu akamrudisha nyumbani na dhambi zake, kana kwamba hazijafikia kiwango cha kusamehewa. Tarehe 8 Agosti 1910 Papa Pius X aliikata desturi hiyo. Hati yake, Quam singulari, ilisema umri wa kupambanua ni kama miaka saba, kwamba mtoto hahitaji kujua katekisimu nzima ili akaribishwe, na kwamba kumnyima kitubio au ondoleo mtoto mwenye akili ni mazoea ya kukomeshwa kabisa.

Fikiria uzito wa hati hiyo ilipofika katika misheni iliyozoea kumsubirisha mtu mzima kwa miaka minne. Mbinu ya Lavigerie ilikuwa kuchuja. Ya Pius X ilikuwa kufungua mlango mapema. Bukoba ililazimika kuwa na zote mbili kwa pamoja, mkatekumeni mzee akipewa muda, mjukuu wake akiharakishwa. Nani angemfundisha mjukuu huyo? Mapadre walikuwa wachache, na misheni moja ilibeba vilima na mabonde ya kutembea siku nzima. Kazi ikamwangukia katekista.

Makatekista wa mwanzo walikuwa Waganda waliokuja na Hirth, na Kiganda kilitumika kufundishia kabla Kihaya hakijapata vitabu vyake. Baadaye wakaja Wahaya wenyewe: vijana waliojua kusoma, walioishi kijijini katika kibanja kama watu wengine, wakapiga ngoma au kengele asubuhi na kukusanya watoto chini ya mti au katika banda la nyasi. Hawa hawakuwa na daraja takatifu. Hawakuweza kumwondolea mtoto dhambi hata moja. Lakini walibeba sehemu ngumu zaidi, ya kumfanya mtoto aweze kusema.

Ugumu huo haueleweki mpaka ukumbuke malezi ya nyumba ya Kihaya. Mtoto alifunzwa kumwamkia mkubwa kwa kuinama au kupiga magoti, macho chini, sauti ya chini. Mkubwa ndiye aliyeuliza, mtoto alijibu. Hakuenda kwa mzee kujitolea habari za makosa yake mwenyewe, kwani kosa lilipogunduliwa lilikuwa na utaratibu wake, na mara nyingi fimbo ilihusika. Sasa aliambiwa aende kwa mkubwa kuliko wote kijijini, mgeni mweupe mwenye ndevu ndefu, aanze yeye kusema, ataje kosa ambalo hakuna aliyeliona, kisha atoke pale bila kuchapwa. Kwa mtoto wa mwaka 1912 jambo hilo halikuwa na mfano.

Kulikuwa na siri nyingine ambayo watu wa Bukoba waliijua vizuri. Katika ibada za Wachwezi, za Wamara, za Mugasha wa ziwa na za Irungu wa porini, anayeingizwa katika ubandwa aliapishwa kutunza alichokiona na kukisikia, na vitisho vya kumpata akivunja kiapo vilikuwa vizito. Mwanafunzi ndiye aliyefungwa mdomo. Katika kitubio mambo yaligeuka: mtoto yuko huru, aliyefungwa ni padre. Akitaka, mtoto anaweza kwenda kuwaambia wenzake wote alichoungama. Padre hawezi kumwambia hata askofu, na akivunja siri hiyo adhabu yake ni kutengwa na Kanisa. Katekista aliyelieleza hili vizuri alikuwa ameshinda nusu ya vita. Mtoto alihitaji kusadiki kwamba padre akikutana naye kesho njiani na baba yake, hatasema neno, wala hatamwangalia vibaya.

Ndiyo maana mwaka 1917 una uzito wake katika simulizi hii. Askofu Hirth alikuwa ameanzisha seminari ya Rubya, katika Ihangiro, mwaka 1904, na tarehe 15 Agosti 1917 wanafunzi wake wanne walipewa upadre, mapadre wazalendo wa kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wawili, Celestine Kipanda na Angelo Mwirabure, walitoka upande wa Mwanza. Wawili, Oscar Kyakaraba na Willibard Mupapi, walikuwa wa Bukoba. Historia zetu husifu siku hiyo kwa sababu ya altare, kwamba Mwafrika alisoma misa. Mimi naisifu pia kwa sababu ya sikio. Mtoto aliyepiga magoti mbele ya Padre Kyakaraba hakuhitaji kutafuta maneno mepesi ili aeleweke. Padre alijua senene ni nini na kwa nini kuwaiba kutoka kwenye akiba ya mama ni kosa linalouma. Alijua maana ya kumjibu shangazi kwa kiburi, na jinsi kijana anavyotazamwa vibaya kwa kuacha mbuzi waingie katika migomba ya jirani. Alisikia Kihaya jinsi kinavyosemwa na mtoto anayelia.

Maneno ya ondoleo, hata hivyo, yalibaki ya Kilatini. Kwa miongo mingi watoto wa Bukoba waliungama kwa Kihaya au Kiswahili na kusamehewa kwa lugha ambayo hawakuijua hata neno. Walijua tu kwamba padre akiinua mkono na kuanza kunong'ona, wao waanze sala ya kutubu, na wakimaliza kabla yake wabaki kimya.

Mafundisho yenyewe yalikuwa ya maswali na majibu, na kiini chake kilikuwa mambo matano ambayo Mkatoliki yeyote aliyesoma kwa katekista anaweza kukutajia hata leo: kutafuta dhambi, kuzijutia, kukusudia kuziacha, kuziungama kwa padre, na kutimiza malipizi. Katekista aliuliza, watoto wakajibu kwa pamoja, wakarudia hadi sauti za nyuma zikawa sawa na za mbele. Kisha akaja padre na mtihani wake. Aliyeshindwa alirudishwa mwaka uliofuata, na aibu hiyo ilijulikana kijiji kizima.

Kukariri si kubaya. Mtoto aliyekariri mambo matano ana kitu cha kushika mkononi hofu inapomjia. Lakini kukariri peke yake kulileta kasoro ambayo makatekista wote wanaifahamu. Mtoto alipewa Amri Kumi za Mungu kama orodha ya kutafutia dhambi, akazipitia moja moja, na akifika ya sita, ambayo hakueleweshwa, akaona ni afadhali aitaje kuliko kuiacha. Padre akasikia mtoto wa miaka minane akisema amezini, mara tano. Mwingine alichukua dhambi za jirani yake wa foleni kwa sababu zilionekana nzuri kuliko zake. Mtoto wa namna hiyo hadanganyi. Anatii tu, anatoa alichodhani kinatakiwa. Kosa ni la aliyemfundisha dhambi kama somo la kujibu badala ya kumsaidia kukumbuka siku yake: jana ulimfanya nani alie? Ulichukua nini kisicho chako? Mama alipokutuma ulisema nini?

Na kulikuwa na fimbo. Wapo wazee wengi wanaokumbuka mafundisho ya kitubio pamoja na kiboko cha katekista, alichapa aliyechelewa, alichapa aliyekosea jibu, alichapa aliyecheka. Enzi zile shule yoyote ilichapa, na katekista hakujiona anafanya jambo la ajabu. Hata hivyo sioni njia ya kulitetea. Kumchapa mtoto alasiri kwa kukosea jibu juu ya huruma ya Mungu, kisha kumtuma kesho yake akaikabili huruma hiyo kwa moyo mkunjufu, ni kubomoa kwa mkono wa kushoto kile ambacho wa kulia umejenga. Wapo waliokua wakiamini kwamba padre naye ana fimbo yake mahali fulani, na wakakaa mbali na kitubio miaka mingi.

Siku yenyewe kwa kawaida ilikuwa Jumamosi, komunyo ikifuata Jumapili. Mtoto wa kigango cha mbali aliondoka kwao mapema akiwa na mzazi au dada, akatembea hadi misheni, akapanga foleni pamoja na wenzake, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwingine. Kiti cha maungamo kilikuwa na ukuta wa mbao wenye matundu, mtindo ulioenezwa na Mtakatifu Carolo Borromeo wa Milano katika karne ya 16. Mtoto mfupi hakufikia matundu. Alisimama pale palipotakiwa kupiga magoti, au alisema na ubao mtupu huku padre akiinama kumtafuta kwa sikio. Malipizi yalikuwa mepesi, Salamu Maria tatu au Baba Yetu moja, naye aliyatimiza hapo hapo kwa kuogopa kusahau.

Kisha ulikuja usiku mgumu kuliko foleni. Hadi Papa Pius XII alipolegeza sheria mwaka 1953 na tena 1957, anayepokea komunyo hakuruhusiwa kula wala kunywa chochote, hata maji, tangu usiku wa manane. Mtoto alilala na njaa katika nyumba ya ndugu karibu na misheni, na juu ya njaa alikuwa na mzigo wa pili: asitende dhambi kabla ya misa. Asigombane, asijibu vibaya, asiwaze vibaya. Wapo walioamua kutosema neno na mtu yeyote jioni nzima, wakaitikia kwa kichwa tu. Nyumba zao ziliwaelewa, kwa kuwa mama naye aliwahi kupita hapo.

Mwaka 1929 Bukoba ilifanywa vikarieti inayojitegemea chini ya Askofu Burkhard Huwiler, Mswisi, na shule za misheni zikazidi kuenea. Mwalimu wa darasa na katekista mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Asubuhi alifundisha kusoma na hesabu, na somo la dini lilikuwa ndani ya ratiba. Masista, wa kutoka ng'ambo na baadaye wa mashirika yetu wenyewe kama Masista wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu wa Bukoba, walichukua mafundisho ya wasichana na ya watoto wadogo, na wengi wanasema sauti ya sista ndiyo iliyowatoa hofu. Kwa miaka kama arobaini mambo yalikwenda hivyo bila mabadiliko makubwa. Shule ilikuwa ya Kanisa, mwalimu alikuwa wa Kanisa, na mtoto aliandaliwa hapo hapo alipokaa.

Mabadiliko yalikuja kwa pamoja, kutoka Roma na kutoka Dar es Salaam. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, uliingiza lugha za watu katika ibada, na Desemba 1973 ukatangazwa utaratibu mpya wa kitubio: mtoto sasa angeweza kukaa au kupiga magoti uso kwa uso na padre, akasikia maneno ya kusamehewa katika lugha anayoiota usiku. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Roma ilizima majaribio ya baadhi ya parokia za Ulaya na Marekani zilizokuwa zikitanguliza komunyo na kuahirisha maungamo hadi mtoto akue. Sheria ya Kanisa ya 1983 ikaliandika hilo katika kanuni ya 914: kitubio kwanza, komunyo baadaye, nao ndio utaratibu uliobaki kwetu siku zote.

Kutoka Dar es Salaam ilikuja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za misheni zikawa za taifa. Mwalimu wa darasa hakuwa tena mtu wa Kanisa. Kipindi cha dini kilibaki ratibani, lakini hakikutosha kumwandaa mtoto kwa sakramenti. Kwa hiyo mafundisho yalirudi parokiani na kigangoni, Jumamosi na siku za kazi baada ya masomo, na yakapata mshirika mpya pale maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua, katika mkutano wao wa Nairobi wa Desemba 1973, kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo. Nyumba kumi au kumi na tano zinazosali pamoja zilianza kujua ni watoto gani wamefikia umri, nani hahudhurii, nani hana daftari.

Miaka kumi baadaye jumuiya hizo zilibeba mzigo ambao hakuna mkutano uliokuwa umeupanga. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa hapa Kagera, na utafiti uliofanywa mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Kizazi cha wazazi kilikatwa katikati. Watoto waliokuwa tayari kwa komunyo ya kwanza waliletwa kwa katekista na bibi, nao hawakuwa wachache. Bibi ndiye aliyewapokeza sala jioni, kwa Kihaya, katika chumba chenye taa ya kibatari. Ndiye aliyewaeleza majuto ni nini, akiwa amewazika watoto wake mwenyewe.

Watoto hao walikuja na mambo mazito kuliko senene. Wapo walioamini kwamba mama alikufa kwa sababu walimkosea. Mtoto aliyekataa kuchota maji siku mama yake alipozidiwa alibeba jambo hilo kama dhambi kubwa kuliko zote, na katekista ambaye hakufundishwa saikolojia mahali popote alilazimika kumwambia, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba kifo kile si adhabu yake. Hapo naona maana ya maandalizi kuliko katika hati yoyote ya Roma. Mtoto alihitaji kufundishwa pia ni nini ambacho si dhambi. Asipolijua hilo, kitubio kinamwongezea mzigo badala ya kumpunguzia.

Leo, katika vigango vingi vya Muleba, utaratibu ni huu. Jumamosi alasiri, jengo la matofali na bati, benchi zisizo na migongo, watoto wa darasa la tatu na la nne wakiwa na madaftari. Baada ya maswali na majibu katekista anaweka kiti pembeni, anakaa ubavu kwa ubavu na watoto, anaita mmoja. Ni mazoezi. Mtoto anafanya ishara ya msalaba, anaomba baraka, anasema hii ni mara yake ya kwanza, kisha anataja dhambi za mfano alizopewa: nilimpiga mdogo wangu, nilisema uongo, nilikataa kutumwa. Katekista mwenye busara hamruhusu ataje zake za kweli mbele ya darasa. Zile, anamwambia, ni za Mungu na padre tu. Wa kwanza anasahau sala ya kutubu katikati. Wenzake wanataka kumsaidia kwa sauti, katekista anawanyamazisha kwa mkono, anamngoja. Mtoto anavuta pumzi, anaanza upya, anamaliza.

Siku ya kitubio chenyewe mapadre wengi sasa huwaungamisha watoto mahali pa wazi, pembeni mwa kanisa au chini ya mti, wanapoonekana na wote lakini wasiposikika na yeyote. Ni utaratibu mzuri, unamlinda mtoto na unamlinda padre, na ningependa kila parokia iufuate bila kulegea. Papa Fransisko aliwakumbusha mapadre mwaka 2013 kwamba mahali pa maungamo pasigeuzwe chumba cha mateso. Kwa mtoto wa miaka tisa, padre anayetabasamu na kumsalimia kwa jina ameshafanya nusu ya kazi.

Matatizo ya sasa ni ya aina nyingine. Jumamosi imeingiliwa na masomo ya ziada. Watoto wengi wako shule za bweni tangu darasa la tatu, na wanaandaliwa huko kwa pamoja, mbali na wazazi. Wale wanaokulia Dar es Salaam au Mwanza hurudi Bukoba Desemba, na bibi aliyezoea kupokeza sala kwa Kihaya anakuta mjukuu anayejua Kiswahili na Kiingereza tu. Katekista bado yupo. Analipwa posho ndogo pale anapolipwa, anatumia baiskeli yake au miguu yake, na watoto wake mwenyewe wanamngoja nyumbani ilhali yeye anafundisha wa wenzake.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa msomaji wa Bukoba na Muleba, awe kijijini au mjini. Mtoto wako akirudi kutoka kuungama kwa mara ya kwanza, usimwulize alisema nini wala padre alimpa malipizi gani. Hata kwa upendo, hata kwa utani, usimwulize. Na katekista aliyemwandaa, msaidieni katika jumuiya kwa kitu kinachoonekana, iwe ndizi, iwe kahawa, iwe ada ya mtoto wake, maana kazi anayoifanya hakuna padre wala askofu anayeweza kuifanya peke yake.